Chakula Kilichoivia Kapuni

Binti yangu alikuwa na miaka mitano nesi aliponiambia nichague: moshi au mtoto. Hakusema kwa ukali. Alisema huku akikunja kifaa chake cha kusikilizia kifua, kama mwenye duka anayemwambia mteja kwamba sukari imekwisha. Mtoto alikuwa mapajani mwangu, mabega yakipanda na kushuka, na kila alipovuta pumzi nilisikia kifilimbi chembamba ndani ya kifua chake. Pumu, nesi akasema. Dawa ya leo ipo, ya kesho hakujua. Kama tulikuwa na ndugu ambaye jiko lake halifukizi nyumba, tumpeleke huko kabla mvua hazijaanza, maana mvua zikianza makaa yote ya mji yangekuwa na maji ndani, na kifua kile kisingestahimili.

Ndugu wa namna hiyo tulikuwa naye mmoja tu: shangazi yake, dada wa mume wangu, mwalimu kule Kisumu, mwenye nyumba ya shule na jiko la mafuta ya taa. Sisi tulikuwa Wakenya tuliofuata kazi Kampala. Mume wangu alikuwa seremala katika karakana moja ya samani Nakawa, na mimi niliwapikia mafundi wa pale chakula cha mchana. Kwenye ramani Kisumu si mbali. Lakini ilikuwa miaka ya sabini, miaka ya wanajeshi, na mpaka ulikuwa ukifungwa leo na kufunguliwa kesho bila mtu kupewa sababu. Nilimjua mama aliyempeleka mwanawe ng'ambo kwa wiki mbili, akamaliza mwaka mzima hajamwona.

Nilimwambia nesi nimesikia. Nikambeba binti yangu mgongoni kurudi Kamwokya, na njia nzima nilikuwa na hasira. Si hasira ya nesi, yeye alifanya kazi yake. Nilikasirikia moshi. Niliapa kwamba kama kuna kitu kitahama nyumbani kwangu, kitakuwa moshi, na mtoto atabaki.

Kuapa ni rahisi. Kazi yangu yote ilikuwa moto. Nyuma ya karakana walinipa kibanda cha mabati kisicho na ukuta wa mbele, nikaweka sigiri mbili za makaa na mafiga, na kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana nilikuwa pale napika maharage, mchuzi wa karanga na matoke. Mtoto alikuwa nami kwa sababu sikuwa na pa kumwacha. Makaa ya siku hizo yalikuwa aibu. Malori yalikosa petroli, kwa hiyo makaa yalikuja kwa baiskeli kutoka mbali, na wachomaji hawakungoja yaive. Ulinunua gunia, ukakuta nusu yake ni vigogo vilivyobabuka nje na kubaki kuni ndani. Ukiviwasha, macho yanakutoka machozi kama uko matangani.

Tulianza na umeme. Umeme ulikuwepo, ule unaotoka Jinja kwenye maji, hauna moshi wala majivu, na chumba chetu kilikuwa na soketi moja. Wapangaji waliotutangulia walikuwa wameacha jiko la koili. Lilipika wiki moja, koili ikakatika. Mume wangu alitembea mji mzima, kuanzia Nakawa hadi maduka ya Kansanga, na kila duka lilikuwa na rafu safi kabisa, hazina kitu. Akaunganisha koili kwa waya wa kufungia mbao. Siku ya tatu jiko lilinipiga shoti nikaangusha sufuria ya uji, na hapo nikasema umeme utuangazie tu, inatosha.

Hatua ya pili ilikuwa ya mume wangu na aliionea fahari. Karakana ilitupa unga wa mbao kila siku, marundo kwa marundo, kazi yake kuoza mvuani. Alichukua debe, akatoboa tundu chini ubavuni, akasimamisha chupa katikati, akashindilia unga wa mbao kuizunguka mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Kisha akachomoa chupa taratibu. Likabaki shimo la kupitishia hewa. Ukiwasha kijiti kwenye lile tundu la chini, moto unapanda kupitia shimo na debe linawaka asubuhi nzima bila kuongezwa kitu.

"Mama mtoto," alisema, mikono kiunoni, "makaa tumeachana nayo."

Alikuwa amesema nusu ya ukweli. Unga mkavu uliwaka vizuri, moshi wake ulikuwa wa dakika chache za mwanzo. Unga mbichi ulifuka kama treni. Na karakana haikuwa na pa kuukaushia. Makaa tuliyaacha kweli, na miti kadhaa ya watu ilibaki imesimama kwa ajili yetu, lakini mtoto aliendelea kukohoa kila asubuhi. Mume wangu alitaka nimsifu. Nilimsifu, kisha nikamwambia debe lake halijamaliza kazi. Tuligombana siku mbili.

Aliyenitoa pale alikuwa jirani yangu, mama Mkongo aliyekimbia vita kwao mashariki na sasa aliuza vitenge kwa kuvitembeza mikononi. Nyumba zetu ziligusana kwa mgongo. Jumamosi moja alinikuta uani nimekaa na maharage yangu motoni tangu alfajiri, mtoto amefungiwa ndani ili asivute moshi, analia mlangoni.

"Mama, juu ya nini unaunguza moto bule?" aliniuliza. "Maharagi ikishachemuka, inajua kazi yake yenyewe. Ifunike muzuri, iache."

Nilimwambia kwetu maharage hayaivi kwa kufunikwa shuka. Akacheka, akaketi.

"Sisi mu pori tulikuwa napika hivi. Moshi ikionekana, batu babaya banakuja. Tunachemusha kidogo, tunazima, tunafunga nyungu na mablanketi, tunatembea nayo. Tukifika, iko tayari."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, huku akichagua kokoto katika maharage yangu ya kesho. Nilikuwa nikilalamikia moshi kwa sababu ya kikohozi, na huyu mwenzangu alijifunza kuuogopa kwa sababu ya bunduki. Nikamwambia basi anionyeshe.

Tulichukua kapu kubwa la kubebea ndizi. Chini tukaweka majani makavu ya migomba, pembeni maranda ya karakana yaliyoshonewa ndani ya viroba, juu yake mto uliojazwa vipande vya vitenge vyake visivyouzika. Maharage mengine, yaliyolowekwa tangu jana yake, yakachemka nusu saa. Sufuria ikaingia kapuni na kifuniko chake, ikafukiwa, kamba ikafungwa. Kisha tukazima moto. Hapo ndipo kichwa changu kigumu kilipoharibu mambo. Baada ya saa moja nilifungua nichungulie. Baada ya nusu saa, tena. Nilichungulia mara nne, na saa saba tulikula maharage magumu kama risasi. Mume wangu aliyatafuna akitabasamu, maana aliona debe lake limeshinda, nakumbuka.

Jumapili jirani alikaa juu ya kapu. Alikaa kabisa, akanisimulia habari za soko lao mpaka mchana, ili mimi nisifungue. Alipoinuka tukafungua, mvuke ukatupiga usoni, na maharage yakapondeka kwa vidole viwili. Mtoto alikuwa amecheza uani asubuhi nzima. Nilimkumbatia yule mama mpaka akaniambia namvunja mbavu.

Matoke yalifaa kapu kuliko maharage. Waganda, ambao ndio walikuwa wengi pale karakana, hawali matoke yaliyochemka tu. Ndizi zikishaiva kwa mvuke ndani ya majani, zinabonyezwa humohumo mpaka ziwe laini, kisha zinarudishwa kwenye moto mdogo zikae muda mrefu zijilainishe. Ule muda mrefu wa mwisho ndio uliokuwa ukinimalizia makaa zamani. Kapu liliufanya bure. Matoke yalitoka ya njano, laini, ya moto kiasi cha kuunguza ulimi.

Kwa hiyo nikapanga maisha upya. Moto niliuwasha uani kwangu alfajiri, debe la unga uliokaushwa juu ya bati, mtoto akiwa bado amelala na dirisha limefungwa. Haukuzidi saa moja. Kisha makapu mawili yalipanda kwenye keria ya nyuma ya baiskeli ya mume wangu, mtoto juu ya bomba la mbele, na mimi nikaisukuma hadi Nakawa chakula kikijipikia njiani. Teksi zenyewe zilikuwa zikilala foleni ya petroli siku tatu. Mwanamke kupanda baiskeli Kampala ya wakati ule lilikuwa jambo la kutazamwa, kwa hiyo niliisukuma mbele ya watu, na pale Naguru njia inaposhuka na hakuna mtu, nilipanda. Binti yangu alijua kutoniripoti.

Sabuni nayo ilikuwa imepotea mjini, basi nikaacha sahani. Nilipakua juu ya jani la mgomba, na watu wakishakula majani yalikwenda kwa mbuzi wa mlinzi. Siku hizi nasikia mambo haya yakihubiriwa kwa majina makubwa, nami sibishi. Ila sisi hatukuwa na jina lake. Na hatukuyafanya kikamilifu: moto wa alfajiri ulibaki, na siku za haraka nilirudia sigiri. Lakini kipimo changu kilikuwa kimoja, kile kifilimbi kifuani, na kilikuwa kinapungua. Hilo ndilo lililonitia kiburi.

Kiburi hicho nilikwenda nacho hadi kwenye kizuizi. Njia inapokaribia Nakawa kulikuwa na askari waliokagua mizigo, maana zilikuwa siku za magendo, na kapu kubwa lililofungwa kamba, linalosukumwa na mwanamke mgeni kila siku saa ileile, ni kama lilikuwa linawaita.

"Mama, kuja hapa. Nini iko ndani?"

"Chakula, afande."

"Fungua."

"Afande, nikifungua sasa haitaiva."

Alinitazama, akatazama kapu, akatazama chini yake. "Itaiva namna gani? Moto iko wapi?"

Nilifungua. Mdomo wangu haujui kunyamaza, nikamweleza habari ya mto na maranda kama mwalimu. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akauchomoa haraka, akapuliza vidole. Wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku ile akawa ananipitisha kwa kugonga kapu na kuuliza, "Imeiva?" nami nikamjibu, "Bado, afande, iko njiani," kwa Kiswahili changu chote cha heshima na meno yote nje. Nilijisifu kwamba nimemweka mfukoni.

Sikufikiri nani mwingine anapita barabara ile. Mafundi wa karakana walipita. Walichoona ni mke wa Mkenya anayecheka na askari, kwa lugha ya askari, na askari ametia mkono ndani ya kapu la chakula chao. Kisha wakafika karakana, wakakuta mwanamke huyohuyo ametundika mkeka wa mafunjo mbele ya kibanda, kwa sababu niliona haya watu kuona kapu langu la matambara, nami napakua chakula cha moto nyuma ya pazia pasipo na moto. Wakati ule watu walikuwa wanaondoka asubuhi na hawarudi, na hakuna aliyeuliza. Nani angekula bila kujua kilichotiwa ndani?

Siku ya kwanza walikuja nusu yao. Siku ya pili walikuja watatu. Siku ya tatu hakuja mtu, na makapu yalirudi Kamwokya mazito kama yalivyokuja. Hakuna aliyeniambia kitu. Mume wangu aliulizia, akaambiwa tumbo haliko vizuri, karakana nzima.

"Wanataka kuona moto," akaniambia. "Waganda matoke yao lazima yatoke motoni. Weka debe moja pale, washa kidogo, tia sufuria juu. Wataona, watakula."

Nilikataa. Kisha niliwaza kwamba nisipopika pale sina kazi, na asiye na kazi atanunua wapi dawa siku dawa zikipatikana. Nikakubali. Nasema wazi hapa kwamba nilikubali, kwa sababu miaka mingi nilikuwa nikisimulia kana kwamba ni yeye peke yake.

Tulikunja mkeka, tukawasha debe, sufuria ikatolewa kapuni na kuwekwa juu. Wakarudi. Si wote, lakini wengi, wakila huku wakitazama ule moto. Moto haukuwa unapika kitu, chakula kilikuwa kimeshaiva. Ulikuwa wa kutazamwa tu. Siku ya kwanza mtoto alikohoa kidogo. Siku ya pili mvua zilianza.

Siku ya nne unga wote wa karakana ulikuwa mbichi. Ilikuwa saa saba, watu wamejipanga, na mtoto alikuwa akitandaza majani kama alivyopenda. Upepo uligeuka. Nilimsikia akikohoa, nikasema nimalize kumpakulia huyu mmoja. Kisha sikumsikia tena, na ule ukimya ndio ulionigeuza. Alikuwa amepiga magoti, mikono chini, mdomo wazi, hewa haiingii. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuieleza.

Fundi mkuu ndiye aliyewahi. Alikuwa Mganda wa makamo, mtu wa maneno machache, ambaye siku zote hizo alikuwa amekaa mbali na chakula changu, hata baada ya moto kuwashwa. Alivua koti, akalizungushia lile debe linalowaka, akalinyanyua na kukimbia nalo mpaka mtaroni. Alirudi viganja vimebabuka. Tukampeleka mtoto barabarani penye hewa, tukamkalisha wima. Magari yalikuwepo pale karakana, mawili, makavu bila tone la petroli. Mume wangu akashika baiskeli, mimi nikakaa nyuma palipokuwa pakikaa kapu, mtoto kifuani kwangu, na mafundi wawili wakatusukuma kupanda kilima hadi kwenye zahanati.

Walikuwa na sindano moja ya kumfaa. Baada ya saa nzima kifua kikaanza kufunguka. Nililia mbele ya watu wote bila kuficha uso. Sikuwa nikilia kwa hofu, hofu ilikuwa imepita. Nililia kwa sababu karibu nimuue mwanangu kwa moto usiopika chochote.

Jioni ile mume wangu alipata nafasi ya mtoto kwenye basi la Jumatatu saa nne asubuhi. Mfanyakazi mwenzake, Mkenya anayerudi, angemfikisha kwa shangazi. Sikubisha. Nilikunja magauni yake matatu, sweta, na kanga yangu moja ya kulalia, nikafunga kifurushi, nikakiweka mlangoni ili nikizoee.

Jumapili mchana fundi mkuu alifika Kamwokya kwa miguu, mikono imefungwa vitambaa. Alikuja kumwona mtoto. Alimkuta uani akimfunga mwanasesere wake ndani ya matambara, akampa ndizi mbivu, akaketi kwenye benchi. Nilimshukuru. Nikamwomba radhi kwa viganja vyake, nikasema ni kosa langu, niliwasha moto ili wapate kula kama walivyozoea.

Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Nyabo, nani alisema sisi tunataka moto?"

"Mliacha kula."

"Tuliacha, kweri. Asikali ametia mkono mu chakula, wewe unacheka na yeye, halafu unafunika na mukeka. Sisi hapana ogopa kapu. Tunaogopa kitu hatuoni." Akakaza kitambaa cha kiganja chake, akasema, "Wengine waliona moto, wakasema moto inaua kira kitu. Mimi hapana. Mimi nilitaka kuona mikono inapika."

Nilikuwa na majibu mengi, ya hasira, kwamba wangeniuliza, kwamba nilicheka na askari kwa sababu nilikuwa naogopa kuliko wao. Nilimpa moja tu. Nilimwambia mtoto anaondoka kesho.

"Kwa sababu ya moto yetu?"

"Kwa sababu ya moto wangu, mzee."

Alimtazama mtoto mpaka akamaliza ndizi. Kisha akaniuliza kesho nachemsha saa ngapi.

Kesho yake alikuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mafundi wengine wawili. Nilidhani ni utani. Walisimama uani kwangu, wakaniangalia nikiosha maharage, wakaangalia maji, chumvi, karanga, wakanusa mafuta. Walitazama ndizi zikibonyezwa. Sufuria zilipoingia kapuni, fundi mkuu alishika kamba kwa vidole vyake vilivyofungwa na kufunga fundo la kiseremala, ambalo mimi hadi leo siwezi kulifungua. Jirani yangu Mkongo alikuwa amesimama mlangoni kwake akitutazama, amejifunika mdomo kwa kitenge, anacheka.

"Nani atakula, lazima aone," fundi mkuu akasema. "Leo sisi. Kesho wengine. Kira siku watatu wanakuja."

Tukaondoka wote, makapu, mtoto, kifurushi chake. Kwenye kizuizi yule afande alitokea na bunduki yake begani. Fundi mkuu alisimama wima, jasho likimtiririka asubuhi ile ya baridi. Mimi nikatoa meno yangu yote.

"Imeiva?" afande akauliza, akagonga kapu.

"Bado, afande, iko njiani."

Akatupungia mkono tupite. Kizuizi kilipopotea nyuma yetu, fundi mkuu akasema.

"Sasa naona kwa nini unacheka na wao."

"Sasa umeona."

Karakana ilikuwa imefagiwa. Kibanda hakikuwa na mkeka, debe, wala jivu. Kapu lilikaa katikati ya meza ya kufanyia kazi ambapo kila mtu aliliona, na mafundi walipiga randa kulizunguka. Mvua ilinyesha kidogo, ikaacha. Saa tatu na nusu mume wangu alinawa mikono, akaja kuchukua kifurushi na kumpeleka mtoto kituo cha basi. Mtoto alikuwa akikusanya maranda marefu, yale yaliyojikunja, akayavaa mkononi kama bangili. Nilimwita. Nikaweka sikio mgongoni mwake, nikamwambia avute pumzi, na tena, na tena. Nilisikia moyo wake. Nilisikia msumeno. Kifilimbi sikukisikia.

"Kirudishe hicho kifurushi," nilimwambia mume wangu.

"Nafasi nimeshaipata."

"Apewe mwingine. Kama moto utarudi hapa, mimi na huyu tutaondoka pamoja. Lakini hautarudi."

Alikipima kifurushi mkononi. Alinijua. Akakitundika kwenye msumari, akarudi kwenye meza yake.

Saa saba fundi mkuu alifungua fundo lake mbele ya wote. Aliondoa mto, akaondoa majani moja moja, mvuke ukapanda, na akatia kipande cha matoke mdomoni mwake kwanza, cha moto vile, mpaka macho yakamtoka. Kisha akashika jani lake akajipanga nyuma ya wenzake kama mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyebaki mbali siku ile. Nilipakua mpaka mkono ukauma.

Binti yangu alikula akiwa amekaa kati yao kwenye ubao, miguu haifiki chini. Katikati ya chakula alikumbuka.

"Mama, basi la shangazi linaondoka saa ngapi?"

"Limeshaondoka."

"Bila mimi?"

"Bila wewe."

Akasogeza jani lake nimwongezee mchuzi.